Bustani Iko Ukurasa wa Ngapi?

Wajukuu wangu, nikiwauliza Uhuru Park ni ya nani, majibu yenu nayajua. Mmoja atasema ya serikali. Mwingine atasema ya gavana. Yule mjanja anayependa kukaa nyuma atasema ni ya watu wote, kwa kuwa ameshajua hilo ndilo jibu ninalolitaka. Basi nitawauliza la pili: maji ya kumwagilia nyasi zake hulipwa na nani? Hapo sote tutasikia matatu zikipiga honi barabarani.

Jibu limo ndani ya kitabu kimoja kinachoandikwa kila mwaka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, hapa Nairobi. Ni kinene, kinachosha, hakina picha hata moja, na ukikifungua utakuta safu za namba tupu. Sitaki mkikimbie. Ila siwezi kuwapeleka kwenye namba kabla sijawasimulia habari za jumba ambalo halikujengwa.

Uhuru Park ilifunguliwa mwaka wa 1969, Mzee Jomo Kenyatta akiwa rais. Ni karibu hekta 13 za nyasi na miti kando ya katikati ya mji, pamoja na ziwa dogo la kuchimbwa ambalo watu hupanda mashua. Wazazi wenu walipigwa picha pale wakiwa wamevaa nguo za Krismasi, mkono mmoja kiunoni, aiskrimu ikiwayeyukia mkono wa pili. Asiyekuwa na shilingi mfukoni aliweza kulala chini ya mti mpaka jioni, na hakuna aliyemuuliza amenunua nini.

Mwaka wa 1989 chama cha KANU, ambacho ndicho chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, kiliamua kujenga jumba katika bustani hiyo kupitia kampuni ya gazeti lake. Halikuwa jumba la mchezo. Lilikuwa la ghorofa 60, lijidai kuwa refu kuliko yote Afrika, na mbele yake isimame sanamu kubwa ya Rais Moi. Fedha zake nyingi zilikuwa za kukopwa ng'ambo.

Profesa Wangari Maathai akasikia. Alikuwa mwanasayansi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1977 alikuwa ameanzisha Green Belt Movement, chama cha kina mama wa kupanda miti. Hakuwa na jeshi wala chama cha siasa. Alikuwa na karatasi na kalamu. Akaandika barua kwa wakubwa wa serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata kwa balozi wa Uingereza, akimuuliza kama kwao London wangekubali jumba kama hilo lisimamishwe ndani ya Hyde Park. Bungeni wakamcheka na kumtukana. Chama chake kikafukuzwa katika ofisi za serikali kilimokuwa kimepewa nafasi.

Alikwenda mahakamani pia, na sehemu hii ndiyo ninayotaka muishike. Kesi yake ilitupwa. Jaji hakusema jumba ni zuri wala baya. Alisema mama huyu hana haki ya kushtaki, kwa sababu bustani si mali yake binafsi na hakuna kitu chake hasa kilichoharibiwa. Mnaona mtego ulivyotegwa? Kitu kikiwa cha mmoja, mwenyewe atakitetea. Kikiwa cha wote, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kukitetea. Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa.

Lakini kelele zilikuwa zimeshafika mbali. Waliotarajiwa kukopesha wakarudi nyuma, mradi ukanywea, na hatimaye uzio wa mabati ukang'olewa. Mwaka wa 2004 mama huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa nisikilizeni, maana kipande hiki hunifurahisha kila nikikikumbuka. Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilipata katiba mpya. Ilizinduliwa wapi? Uhuru Park, pale pale, juu ya nyasi zile zile ambazo zingekuwa chini ya saruji ya ghorofa 60. Na katiba hiyo, katika kifungu cha 70, inasema mtu akienda kortini kutetea mazingira hahitaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mtego ulifunguliwa katika uwanja ule ule uliogombewa.

Katiba hiyo ilifanya jambo jingine ambalo si la kupigiwa vigelegele, lakini ndilo linalotufikisha kwenye kitabu chetu. Iligawa kazi. Huko mwishoni, katika Jedwali la Nne, kuna orodha ya kazi za serikali ya taifa na orodha ya kazi za kaunti. Polisi wamekwenda kwa taifa. Bustani, fuo na mahali pa burudani vimekwenda kwa kaunti. Viwanja vya michezo na maktaba, kaunti. Taa za barabarani, kaunti.

Kwa hiyo gavana wa Nairobi hana hata polisi mmoja wa kumtuma akamfukuze mwizi. Ana kanjo, wale askari wa kaunti, ndiyo, mnawajua, na mama zenu wanaouza mboga wanawajua zaidi. Lakini kanjo si polisi. Ukitaka kujua kaunti inaweza kufanya nini ili dada yako afike nyumbani salama saa moja jioni, usitazame bunduki. Tazama balbu, nyasi zilizokatwa, choo chenye maji, na uwanja ambao ndani yake kuna watu.

Na vyote hivyo ni pesa.

Pesa za kaunti hutoka katika vijito viwili vikubwa. Cha kwanza kinatoka kwa serikali ya taifa: katiba inataka kaunti zote 47 kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Nairobi huchukua fungu lake. Cha pili ni makusanyo ya hapa hapa: kodi ya ardhi, ada ya maegesho, leseni za biashara, kodi ya nyumba za kaunti, na ushuru wa masoko. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba wanaolipa ni wenye magari tu. Mama anayeuza sukuma wiki soko la Wakulima au la Gikomba, akilipia mahali pake pa kuuzia, ametia mkono katika bajeti. Naye ananunua balbu.

Miaka hii ya karibuni bajeti ya Nairobi imepita shilingi bilioni 40. Msishangilie mapema. Kabla ya mtu kufikiria bembea, mishahara hukaa mezani kwanza. Halafu kuna madeni ya zamani, ya wakandarasi na wengine waliofanya kazi bila kulipwa, ambayo yakijumlishwa yanaizidi bajeti ya mwaka mzima. Na tatizo jingine ni kwamba bajeti ni makadirio. Mtu anaandika kwamba mwaka huu atakusanya kiasi hiki, kisha mwaka unakwisha amekusanya pungufu. Kilichoandikwa kwa matumaini ndicho hukatwa kwanza, na bustani huandikwa kwa matumaini mengi sana.

Haya, tukifungue kitabu chetu, kitabu cha bajeti. Mwaka wa serikali hauanzi Januari. Unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30, ndiyo maana huandikwa kwa mkwaju, 2023/24, kama vile mwaka una miguu miwili. Ndani yake kila idara ina kurasa zake, na kila matumizi yana namba. Umeme ni 2210101. Maji na majitaka ni 2210102. Ukishuka chini kidogo utaikuta 2210801, ambayo ni chakula, vinywaji na makaribisho ya wageni. Mimi huanzia hapo. Si kwamba wageni wasinywe chai. Mgeni ni baraka. Ila napenda kuweka kidole kimoja kwenye mstari wa chai na kidole cha pili kwenye mstari wa kukarabati taa, nione upi ni mnene. Fanyeni hivyo siku moja. Hesabu ya darasa la nne inatosha.

Kitabu hicho kina mifuko miwili, na mtu asiyeijua ataibiwa mchana kweupe. Mfuko wa kwanza unaitwa maendeleo. Humo ndimo kunakojengwa vitu: uwanja mpya, mlingoti mpya, lango jipya la bustani. Sheria ya usimamizi wa fedha ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende huko. Mfuko wa pili ni matumizi ya kawaida: mishahara, bili ya umeme, maji, mafuta ya mashine ya kukatia nyasi, mshahara wa mlinzi wa zamu ya usiku.

Kiongozi gani asiyependa mfuko wa kwanza? Ukijenga kitu, unakata utepe, kwaya inaimba, kamera zinakuja, na jina lako linachongwa kwenye jiwe. Hakuna aliyewahi kukata utepe kwa sababu choo cha bustani kimepata sabuni. Basi mji hununua ng'ombe bila kupanga majani yatatoka wapi, na mwaka wa pili watu wanashangaa mbona ng'ombe amekonda.

Chukueni mulika mwizi. Mmeziona zile taa ndefu Mathare, Kibera, Mukuru na Korogocho: mlingoti wa chuma unaofika mita 20 au hata 30, juu yake duara la taa kubwa zinazomwaga mwanga juu ya mabati ya nyumba mamia. Chini ya mlingoti kuna kijimlango. Fundi akikifungua, ndani kuna gurudumu la kukunja waya. Anazungusha, na lile duara la taa linashuka polepole mpaka kifuani pake, abadilishe balbu bila kupanda juu. Ni kazi ya mafundi wawili na asubuhi moja. Lakini fundi anahitaji gari, gari linahitaji mafuta, balbu inahitaji kununuliwa, na mwisho wa mwezi bili inahitaji kulipwa. Vyote hivyo vimo katika mfuko wa pili. Mlingoti ulionunuliwa kwa mamilioni kutoka mfuko wa kwanza unaweza kusimama gizani miezi kadhaa kwa kukosa balbu ya mfuko wa pili, na gizani chini yake pakawa pabaya kuliko kabla haujaja, kwa sababu watu wameshazoea kupita hapo.

Nanyi msidhani bili ya umeme ni jambo dogo. Mwezi wa Februari 2025 kampuni ya umeme, Kenya Power, iliikatia kaunti umeme kwa sababu ya deni. Kaunti ikasema Kenya Power nayo inadaiwa. Kilichofuata ni kwamba malori ya taka yalikwenda kumwaga uchafu nje ya Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Takataka, wajukuu wangu! Watu wazima, wenye tai! Nyinyi mkirushiana maganda ya ndizi darasani mnaitiwa wazazi. Lakini nyuma ya kile kichekesho kulikuwa na mstari mmoja tu wa 2210101, ule wa umeme, uliokosa kulipwa kwa wakati wake.

Na kwa bustani pia ni vivyo hivyo. Mnamjua John Michuki, hata kama jina hamlijui: ni yeye waziri aliyelazimisha matatu zifunge mikanda na zisipakie watu kama magunia. Baadaye alikuwa waziri wa mazingira, na mnamo 2008 akaanza kusafisha kipande cha Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe. Gereji za kando ya mto zikaondolewa, taka zikazolewa, miti ikapandwa. Watu waliokuwa wakipita pale wameziba pua wakaanza kupita polepole. Michuki akafariki Februari 2012, mahali pale pakapewa jina lake, na kisha? Kisha jina likabaki na matunzo yakaondoka. Taka zikarudi. Vibaka wakapata maficho mazuri kuliko ya zamani, kwa sababu sasa palikuwa na miti ya kujificha. Ilibidi mwaka wa 2020 kazi ianzishwe upya, na leo Michuki Park ina njia za miguu, madaraja madogo na viti, na wanafunzi wa vyuo wanakaa pale wakisoma, au wakisingizia kusoma.

Pigeni hesabu wenyewe: tumeinunua bustani moja mara mbili. Fedha za mara ya pili zingeweza kuwalipa watunzaji. Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka wa 2021 kwa ukarabati, ikakaa muda mrefu bila wale wapanda mashua wala wapiga picha. Ukarabati mkubwa ni jina la heshima la matunzo madogo yaliyocheleweshwa. Huo ni mtazamo wangu. Mkimkuta mhandisi anayeniona nimekosea, mleteni tubishane.

Sasa mwenye mashaka ataniuliza: nyasi na taa vinazuia uhalifu kweli, au ni maneno ya wapenda maua? Ni swali zuri, na kuna watu waliolipima badala ya kulibishania. Kule New York mwaka wa 2016 waliwekea taa kali za nje mitaa kadhaa ya nyumba za umma, mitaa hiyo ikichaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wakailinganisha na mitaa iliyokosa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Kule Philadelphia walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, vyenye magugu na magodoro mabovu. Vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi, vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yakachapishwa mwaka wa 2018: katika mitaa ya maskini zaidi, matukio ya kufyatuliana risasi yalipungua kwa asilimia 29 karibu na viwanja vilivyosafishwa.  Walipanda nyasi, wakajenga uzio mfupi wa mbao, na wakawa wanarudi kufyeka. Hapo pa kurudi kufyeka pigieni mstari.

Nairobi si Philadelphia, najua. Lakini tuna ya kwetu ya kutazama. Karura, msitu wa hekta kama 1,000 upande wa kaskazini, ulikuwa mahali ambapo mtu mwenye akili hakuingia peke yake. Wangari Maathai alipigwa huko Januari 1999 akizuia wanyakuzi wasiugawane. Miaka kumi baadaye wakazi wa jirani, wakishirikiana na shirika la misitu, walianza kuuwekea uzio na walinzi, na baadhi ya walinzi hao wakaajiriwa kutoka kijiji cha Huruma kilicho ubavuni mwa msitu, wale wale ambao zamani wangeshukiwa wakionekana humo. Siku hizi akina mama wanakimbia mbio za asubuhi humo na watoto wanaendesha baiskeli. Naisifu Karura, ila kwa nusu mdomo, kwa sababu langoni kuna ada. Si kubwa kwa mwenye gari. Kwa mtoto wa Mathare mwenye ndugu wanne, ni kubwa. Bustani inayojilipia yenyewe ni nzuri, lakini haiondoi haja ya ile isiyouliza una nini mfukoni.

Itazameni na Dandora. Mtaa ule ulipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: watu walipewa viwanja vyenye maji na choo, nyumba wajijengee wenyewe, na katikati ya kila kundi la nyumba kukaachwa ua mmoja wa pamoja. Fikra nzuri sana. Lakini bajeti ya ua ilikuwa ya nani? Hakukuwa na mstari wake popote. Ua ukawa jalala, kisha maegesho, kisha mahali pa vijana wa kukaba watu koo. Ndipo vijana wengine wa hapo hapo, wa ua unaoitwa Mustard Seed, wakaamua kuzoa taka, kupaka rangi kuta, kupanda nyasi na kuweka lango. Wakawaomba majirani mchango mdogo wa kuendelea kusafisha na kulinda. Nyua nyingine zikaona wivu, na wivu wa namna hiyo ni wa heri. Mashindano yakaanza ya nani ana ua mzuri zaidi.

Watu wakubwa wanapenda kuisimulia Dandora kama dawa ya kila kitu: oneni, vijana wamejisaidia! Mimi husita. Mama wa Dandora amelipa ushuru sokoni, kisha analipa tena mchango wa ua. Vijana wale wanastahili sifa. Wanastahili pia mstari wao katika kitabu.

Na kabla sijasahau, mkiulizwa mnataka nini, msiwaache wavulana wajibu peke yao. Wavulana watasema uwanja wa mpira, na watapewa, na wataujaza. Wasichana wakiulizwa faraghani mara nyingi husema vitu vingine: choo kinachofungika kwa ndani, mahali pa kukaa wanapoonekana na watu, njia isiyopita nyuma ya ukuta mrefu. Bei ya vitu hivyo ni ndogo kuliko ya uwanja. Havimo kwa sababu aliyeandika hakuuliza.

Mtaulizwa lini? Katiba inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na sheria imepanga tarehe. Kufikia Septemba 1 kaunti iwe imetoa mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia Februari 28 ipeleke kwenye bunge la kaunti karatasi inayosema kila idara itapata kiasi gani; hiyo ndiyo siku mji unapoamua kama bustani ni jambo la maana, na karibu hakuna anayehudhuria, kwa kuwa karatasi yenyewe ina jina la kusinzisha. Kufikia Aprili 30 makadirio kamili yawe yamefika. Hapo ndipo matangazo ya mikutano ya wananchi hutokea magazetini, tena kwa herufi za siafu, na mikutano mara nyingi huwa siku za kazi, nyinyi mkiwa darasani. Kufikia Juni 30 MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wa wadi zote 85 wawe wamepiga kura. Baada ya hapo Msimamizi wa Bajeti ndiye anayeidhinisha pesa kutoka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huja nyuma kuuliza zilikwenda wapi.

Mtaniambia nyinyi bado watoto, hamna kura. Ni kweli. Lakini kifungu cha 37 cha katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi lake kwa wenye mamlaka. Hakikuandikwa kila mwenye kitambulisho. Kimeandikwa kila mtu.

Basi mkiandika, msiandike kama watu wazima wanavyoandika. Nimeona maombi yao: tunaomba usalama na maendeleo katika eneo letu. Karani atafanya nini na hiyo? Hakuna mstari wa namba unaoitwa usalama. Andikeni hivi: kati ya lango la shule yetu na kituo cha matatu kuna nguzo sita za taa, ya pili na ya tano haziwaki, tunatoka masomo ya jioni saa kumi na mbili na nusu, tunaomba balbu mbili zibadilishwe, na tunaomba kujua ni kiasi gani kimetengewa ukarabati wa taa za wadi hii mwaka huu. Ombi kama hilo lina bei, lina mahali, na lina mtu wa kuulizwa. Sentensi ya mwisho ndiyo inayouma, maana kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kujua habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria kamili ya jambo hilo.

Kahesabuni nguzo kweli, msikisie. Nendeni wawili wawili, na mapema, kabla giza halijaingia. Kisha mtoe nakala mbili, mwende na mwalimu au mzazi mpaka kwa MCA au City Hall. Moja mwiache hapo. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mrudi nayo. Karani akiwaambia muhuri haupo leo, msibishane naye, mwamkieni kwa adabu na mketi kwenye benchi mngoje. Muhuri huwa upo kwenye droo ya kushoto.